Baba, Meneja Aliniuliza Ninahitaji Nini

Baba,

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza vile ulivyonilea, nikusalimie, nikueleze mvua, nimtaje Mama, halafu taratibu nifike kwenye jambo. Nimeandika hivyo na nikachana karatasi. Nikaandika tena, nikachana tena. Leo naanza na jambo lenyewe, na kwa kuwa huwezi kuniambia “punguza sauti, Minza”, itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Nianze na paa. Nilikuja nyumbani juzi nikapitia shuleni kwako. Lile darasa la nne, lile ulilokuwa ukiliwekea ndoo kila mvua zilipoanza, limeezekwa upya. Mabati yanang'aa hadi barabarani. Aliyechukua nafasi yako ni dada mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja, na hajamaliza hata mwaka. Nikamuuliza alifanyaje. Akanishangaa kidogo.

“Nilikwenda halmashauri, nikaomba,” akasema.

Aliomba, Baba! Ndivyo tu alivyofanya. Wewe kila afisa alipokuja ulimpokea kwa soda na karanga, ukamtembeza upande usio na ndoo. Akiuliza changamoto zako unajibu, “Ni za kawaida tu, mheshimiwa, tunapambana nazo.” Nami nilisoma darasa lile, nikihamisha daftari kulia na kushoto kukwepa matone, na mwalimu mkuu ni baba yangu mzazi. Nilidhani mvua ya ndani ni sehemu ya shule.

Nilicheka pale mbele ya yule mwalimu, akadhani nimefurahi. Nilikwenda nyuma ya choo cha walimu nikalia kwa hasira.

Sasa nikueleze kwa nini paa liliniuma hivyo.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, maana ulituacha nikiwa nimeianza. Naitwa afisa mahusiano ya jamii. Mgodi wetu si ule wa Bulyanhulu uliozoea kuusikia, ni mdogo zaidi, huku mbele ya Kharumwa, na nyuma ya uzio wake kuna kijiji. Kila alasiri mgodi unalipua miamba. Ardhi inatikisika, kuku wanaruka, na nyumba za watu zinapata nyufa. Kila Alhamisi mimi hutumwa kijijini kukaa na watu na kusikiliza malalamiko. Nasikiliza, naandika, nawapelekea wakubwa. Wakubwa wanasema yanafanyiwa kazi. Alhamisi inayofuata narudi kuwaambia watu kwamba yanafanyiwa kazi.

Unaweza kufikiri wanavyonipokea. Wananiita mke wa mgodi. Kuna mzee mmoja ambaye nikitoa tu kalamu anasema, “Andika, andika mama, hiyo kalamu yako haichoki?” Wote wanacheka, nami nacheka nao, maana nifanye nini. Mama Limi, mjane ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza kutoka kwenye uzio, alinisalimia vizuri kabisa mwezi uliopita, akanipa kigoda, akanipa maji ya kunywa, halafu akaniambia mbele ya kikao, “Binti, umekuja kutusalimia tena? Salamu zako tumeshiba. Mwenye baruti yuko wapi?”

Mwenye baruti ni meneja wangu, Bwana Kimaro. Ni mtu wa Moshi, umri wako, mchapakazi, si mtu mbaya. Ungempenda. Hajawahi kukanyaga kijijini tangu niajiriwe. Kila ninapotaka kukwambia jinsi anavyoniudhi nakumbuka kwamba hajui kama ananiudhi, na hapo ndipo wewe unapoingia.

Watu wa utumishi walileta utaratibu mpya: kila meneja akae na kila mtu wake, amuulize anahitaji msaada gani kutoka kwake. Nikasema moyoni, sasa. Nilijiandaa wiki nzima. Nilihitaji kitu kimoja: aje kijijini. Akae kwenye kigoda, atukanwe yeye, atoe jibu yeye, au anipe jibu la kweli nilipeleke. Basi.

Nikaingia. Nikamwamkia, nikikunja goti kidogo kama unavyojua, maana goti langu linajikunja lenyewe mbele ya mtu wa umri wako.

“Marahaba, mwanangu. Habari za kijijini?”

“Nzuri, bosi.”

Unaona? Kwa neno moja nilikuwa nimejifungia mlango. Lakini kwetu mlango huo haujifungi! Kwetu mtu akikuuliza “Mhola?” unajibu “Mhola duhu”, amani tupu, hata kama ng'ombe wote wameibwa usiku, na hakuna anayekuona mwongo. Ni ngazi ya kwanza tu. Mwenzako anajua kuwa habari yenyewe bado inakuja, anangoja. Basi nami nikaendelea kupanda ngazi. Nikamweleza mvua zimechelewa. Nikamweleza pamba ya watu. Nikasema wazee wa kijijini wanamsalimu sana na wanatamani siku moja kumwona. Nikasema, “Ila kuna mambo madogo madogo kule.” Nikanyamaza, nikaangalia mikono yangu, nikimngoja aniulize, mambo gani?

Akasema, “Safi sana, Minza. Wewe ndiye mtu wangu pekee asiyenisumbua.” Akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake.

Nikainuka. Bado sikukata tamaa, kwa sababu kwetu neno zito husemwa mtu akiwa anaaga. Wageni wako wangapi walimaliza chai, wakashika fimbo, wakafika mlangoni, ndipo wakageuka na kusema mtoto anaumwa, au mke ameondoka? Nami nikafika mlangoni, nikashika kitasa, nikageuka. “Basi bosi, na lile la kijijini…”

“Ufunge mlango ukitoka,” akasema, akiwa ameshainamia kompyuta. “Kiyoyozi kinapoteza baridi.”

Nilimsimulia Rehema, mwenzangu wa idara ya uhasibu, mtu wa Tanga, asiyejua kuzunguka. Alikuwa anakula chipsi. Akaacha kutafuna.

“Ulimwambia nini hasa?”

“Nilimwambia kuna mambo.”

“Mambo! Shoga, mambo hata mimi ninayo.”

“Nilimwambia wazee wanatamani kumwona.”

“Hata mimi natamani kumwona rais.” Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaona uso wangu, akapunguza. “Minza, yule baba umemwimbia wimbo, na yeye hajui kama ni wimbo. Mwambie nataka hiki, kwa sababu hii, usipofanya nitafanya hivi. Basi. Hata ukitetemeka, tetemeka huku unasema.”

Nilimchukia siku ile nzima. Nilijiambia kwamba watu wa pwani hawana adabu, wakati pwani ndiko adabu ilikotungiwa vitabu. Nilijiambia kuwa Bwana Kimaro ndiye asiye na malezi, maana mtu mzima aliyelelewa anajua kumngoja mwenzake. Nilikulaumu wewe. Nilipolala nikaona siku ile ya hospitali, na hapo hasira ikapata mahali pa kukaa.

Unajua siku ninayosema. Miezi mingi ulikuwa huli ukashiba. Mama alikuwa anakuona unavyoshika tumbo ukidhani hakuna anayetazama. Tulikubembeleza mpaka ukakubali kwenda Shinyanga mjini. Ulivaa koti lako la kijivu, lile la mahafali, kana kwamba unakwenda kukaguliwa. Nikataka kuingia nawe kwa daktari. Ukasema, “Kaa hapo nje, mimi si mtoto.” Nikakaa kwenye benchi. Uliingia, ukatoka upesi, na vidonge vya maumivu mkononi na tabasamu usoni. “Daktari kasema sina shida,” ukaniambia.

Daktari alisema huna shida kwa sababu wewe ulimwambia huna shida! Mlango ulikuwa wazi kidogo, nilikusikia. Alikuuliza, “Mzee, unasumbuliwa na nini?” ukamjibu, “Namshukuru Mungu, naendelea vizuri, ni uchovu tu.” Ukanyamaza. Mimi najua ulikuwa unanyamaza kwa namna gani. Ulikuwa unangoja aulize tena. Kijana yule alikuwa na foleni hadi getini, na kwao labda mtu akisema naendelea vizuri maana yake anaendelea vizuri. Akakuandikia vidonge. Tuliporudi hospitali mara ya pili ulikuwa umebebwa, na wakati huo hakuna aliyehitaji kukuuliza chochote.

Sijui kukusamehe kwa hilo, Baba. Najaribu. Nakuwa ninafua nguo au niko kwenye gari la mgodi nakwenda Kahama, na ghafla nasikia “ni uchovu tu” na nataka kukutikisa mabega.

Lakini kuna jambo jingine nimelifikiria, na ni haki nikuandikie na hilo. Wewe ulijua kungoja. Watu walikuwa wanakuja barazani kwetu, wanakula michembe ya viazi vilivyokaushwa, wanasifu ng'ombe wasio wao, wanazunguka weee, nami nikiwa mdogo nachoka hadi nasinzia mgongoni kwako. Wewe hukuwa unachoka. Ulikuwa unachokonoa meno kwa njiti, ukiitikia, mpaka wanyamaze wenyewe, ndipo unasema kwa upole, “Haya. Na lililokuleta?” Mtu mzima anaanza kulia. Nimeliona hilo mara nyingi. Adabu ile ina viti viwili: cha anayesema mhola na cha anayengoja. Wewe ulimngoja kila mtu. Ulipokaa wewe kwenye kile kiti kingine, upande wa pili hapakuwa na mtu.

Na mimi ofisini nilikuwa ninakaa kwenye kiti kilekile, nikitazama cha pili ambacho ni kitupu, na kukasirika kwamba hakinijibu.

Jumanne nikarudi kwa Bwana Kimaro. Goti lilijikunja, hilo sikuweza kulizuia. Akasema, “Marahaba, mwanangu, habari?” Nikasema, “Leo si nzuri, bosi.” Baba, ni maneno madogo sana hayo, lakini nilihisi kama nimevua nguo barabarani. Akainua uso kutoka kwenye kompyuta.

Nikayasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu kama ningekaa ningeanza habari za mvua. Nilisema: “Ninahitaji uje kijijini Alhamisi. Kila wiki ninakwenda bila jibu. Wale watu hawana ugomvi na mimi, wana ugomvi na wewe, ila mimi ndiye ninayeonekana. Nyumba ya Mama Limi ina ufa unaopitisha mkono. Kama huji, niandikie jibu lenye sahihi yako nilisome pale. Kama hakuna jibu na huji, mimi sitakwenda.”

Sauti ilitetemeka. Rehema alikuwa ameniruhusu.

Akaudhika, akasema jambo lililonifanya nitake kumrushia kitu: “Mbona siku zote hukusema?”

“Nilisema.”

“Lini?”

“Siku ile ya karatasi. Mlangoni.”

Akautazama mlango. Nami nikautazama. Kama usingekuwa umekufa ungecheka.

“Minza,” akasema, “mimi ni mtu wa kuambiwa. Mambo ya kunusa siyawezi. Mke wangu mwenyewe ananilalamikia hivyo hivyo.”

“Na mimi, bosi, ni mtu wa kuulizwa mara mbili. Kwa hiyo ukiniuliza nikisema nzuri, uliza tena.”

Hakufurahi. Ila akauliza Alhamisi saa ngapi.

Alikuja. Alikuja na buti mpya na kofia ngumu ambayo hakuna aliyemwomba aje nayo. Wazee wakaanza kumsalimia, na wewe unajua salamu za watu wenye hasira zinavyokuwa ndefu. Wakamuuliza nyumbani, mke, watoto, migomba ya kwao. Akaniinamia sikioni. “Wanasema nini?”

“Wanasema hali ni njema.”

“Sasa tumekuja kufanya nini?”

“Ngoja, bosi.”

Akatoa simu. Nikamtazama. Akairudisha mfukoni. Sikumgusa, sikusema neno, nilimtazama tu kama Mama anavyotazama mtoto anayechezea kijiko kanisani. Na akangoja, Baba. Alikuwa anatokwa jasho na alingoja. Mpaka Mama Limi akainuka, akajifunga kanga upya, akasema, “Haya, mwenye baruti. Simama twende.”

Akamshika mkono kama mtoto wa shule akampeleka kwenye ukuta wake. Ufa alikuwa ameuziba kwa vipande vya mfuko wa saruji, akavitoa kimoja kimoja. “Weka mkono hapo. Weka, usiogope, nyoka alishahama, hata yeye alichoka na kelele zenu.” Watu wakacheka. Bwana Kimaro akaweka mkono. Uliingia hadi kwenye saa.

Na wakati bado tuko pale mgodi ukalipua. Alijua saa ile vizuri, yeye ndiye anayeipanga, lakini nadhani hajawahi kuisikia akiwa upande ule wa uzio. Miguu yetu ilitikisika. Vumbi la udongo likamwagika kutoka kwenye mbao za dari, likatua kwenye kofia yake na kwenye ungo wa mpunga wa Mama Limi. Mama Limi hakushtuka hata kidogo, akaanza kupepeta kuondoa vumbi. Bwana Kimaro alitazama ile mikono inavyopepeta kwa mazoea.

Hakuahidi makubwa. Alisema fundi atakuja kukagua nyumba zote za mstari ule, na kwamba jibu atalileta mwenyewe, si mimi. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mzee wa kalamu akasema, “Tutaona.” Lakini hakuna aliyeniita mke wa mgodi siku ile. Walinisahau kabisa, na sijawahi kusahauliwa vizuri namna ile.

Ndani ya gari alipangusa vumbi kwenye kofia yake mpaka tulipofika lami. Akasema, “Ulikuwa unakuja huku peke yako?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini hukuse…” Akajikatiza mwenyewe. Akatazama dirishani.

Usifikiri mambo yamenyooka, maana najua ungependa kuhitimisha kwa shukrani. Fundi alikuja, akapima, akaondoka. Jibu bado. Na Alhamisi iliyofuata, asubuhi, Bwana Kimaro akanitumia ujumbe: ana kikao, nitangulie, niwaambie anakuja wiki ijayo. Kama kawaida! Nilikaa na simu ile nikisikia kabisa vidole vyangu vinataka kuandika “Sawa bosi, hakuna shida”. Shida ilikuwepo, nzima, na jina lake nalijua. Nikaandika: “Bosi, peke yangu sitakwenda. Nakusubiri getini.” Nikaenda kusimama getini kwenye jua. Walinzi wakanipa kiti nikakataa. Nilifikiri huenda ninasubiri barua ya kufukuzwa. Nilifikiri kodi, nilifikiri Mama. Gari likatoka ofisini kwa hasira, likafunga breki mbele yangu, na yeye ndani amenuna.

“Panda,” akasema.

Tulinuniana njia nzima. Lakini tulikwenda wawili.

Sasa Mama. Hajanituma neno kwako, hajui kama nakuandikia. Amelima choroko peke yake mwaka huu, amekataa msaada wa kila mtu. Ana kikohozi tangu mavuno na anasema ni vumbi. Nimemuuliza mara moja akasema ni vumbi. Nimemuuliza mara ya pili akasema ni vumbi, mbona namsumbua. Mara ya tatu akaweka jembe chini, akaniambia kuna siku anatema damu.

Jumatatu nampeleka mjini. Nimeshamwambia Bwana Kimaro kwamba ninahitaji siku hiyo na sababu yake, kwa sentensi moja, naye akasema nenda. Nitaingia na Mama mpaka ndani kwa daktari. Atasema mimi si mtoto, na nitaingia tu. Nitakaa karibu yake, nitamwacha ajibu atakavyo kwa adabu zake zote, na akinyamaza nitasema ninayoyajua, yote, kwa sauti inayosikika. Hilo nakuahidi. Atanikasirikia. Nitapenda sana kukasirikiwa na mtu aliye hai.

Pumzika, Baba. Bado nina hasira nawe na sijui itaisha lini, ila haijawahi kunizuia kukupenda, hata siku ile kwenye benchi.

Mwanao,
Minza